Alichokisema Aikaeli Baada ya Upasuaji

Aikaeli binti Sumari aligundua kwamba ana ugonjwa kwa sababu alitaka kumsaidia mgonjwa mwingine. Mwaka 2021 binti yake Esther alijifungua kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi, na muuguzi akawaomba ndugu wajitolee. Aikaeli alitangulia kukunja mkono wa blauzi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, mkulima wa mahindi na maharage wa Kikwe, na tangu aolewe hakuwa amelala kitandani kwa ugonjwa zaidi ya siku mbili. Wakamtoa damu, wakampa soda, akarudi kumwangalia mjukuu.

Wiki tatu baadaye simu yake ililia akiwa shambani. Aliyepiga alikuwa mhudumu wa damu salama. Alimweleza kwa upole kwamba damu yake haikuweza kutumika, na kwamba ni vizuri afike mjini kwenye kliniki, asiogope, lakini afike.

Alifika. Daktari wa kliniki ile ya ini alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Evaresta, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Aliivua, akamwambia ana virusi vya homa ya ini, aina ya B.

"Mbona siumwi?" Aikaeli aliuliza.

"Ndivyo alivyo huyu mdudu. Anaweza kukaa ndani ya ini miaka arobaini asikuume hata kidole. Wengine hawaugui maisha yao yote. Wengine ini linachakaa polepole. Na kwa wachache kinaota kivimbe. Sijui wewe utakuwa wa kundi gani, kwa hiyo kazi yetu mimi na wewe ni kuchungulia. Kila siku kidonge kimoja, kila miezi sita unakuja tunapiga picha ya tumbo. Umekubali?"

Alikubali, na akawa mtu wa kushika neno lake. Mume wake Eliamini na watoto walipimwa, wakakutwa salama, wakachanjwa. Yeye mwenyewe kila baada ya miezi sita aliamka, akakamua ng'ombe, akapanda bodaboda hadi barabara kuu, na kadi yake ya kliniki akiwa ameifunga ndani ya kitambaa. Majirani walimshangaa.

"Mama Esther, unaumwa nini?"

"Siumwi. Naenda kuangaliwa."

"Mtu asiyeumwa anaangaliwa nini?"

Alikwenda hivyo mara sita, na mara sita aliambiwa ini liko vizuri. Mara ya saba, mwezi wa kumi mwaka 2024, yule mtaalamu wa picha, kijana aliyezoea kumpigia soga za mvua na bei ya mbolea, alinyamaza katikati ya sentensi. Alirudisha kile kipimo mahali palepale chini ya mbavu, akabonyeza, akapima, akafuta, akapima tena.

"Vuta pumzi, mama. Ishike hapo."

Aikaeli aliishika. Alijua.

Kulikuwa na kivimbe, upande wa kushoto wa ini, ukingoni. Walimtuma kwenye CT skani, wakamtoa damu tena, na baada ya siku tisa akawa amekaa mbele ya Daktari Evaresta, pamoja na Eliamini, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache. Kijijini ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji, na watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kubishana. Siku hiyo alikaa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Daktari alisema ni saratani ya ini. Kisha akasema, kabla hawajapata nafasi ya kuinamisha vichwa, kwamba ni sentimita tatu, ni moja peke yake, haijatoka nje ya ini, na ini lenyewe bado lina nguvu. "Wagonjwa wangu wengi wanakuja tumbo likiwa limeshajaa maji. Kwa hao nabaki kupunguza maumivu tu. Wewe umekuja ukiwa unatembea. Huyu wako anatolewa."

Halafu, akijaza fomu, akauliza swali ambalo aliwahi kuliuliza miaka mitatu iliyopita, ila wakati ule Aikaeli alijibu "hapana" bila kufikiri.

"Kwenu kuna mtu aliwahi kuumwa ini?"

"Hapana." Kisha akaongeza, "Mdogo wangu wa mwisho alikufa, lakini si ini. Alilishwa sumu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ilikuwaje?"

"Alianza kuchoka. Macho yakawa ya njano. Akakonda mikono na miguu, tumbo likavimba. Mwishoni akatapika damu."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne, mitano hivi."

"Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na nane."

Daktari Evaresta akavua miwani. "Mama, mtu ambaye sikumpima siwezi kumwandikia sababu ya kifo leo. Lakini nyinyi ni wa mama mmoja?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

"Watu wa umri wenu, wengi walimpata huyu mdudu siku ile ya kuzaliwa, kutoka kwa mama ambaye naye hakujua kama anaye. Chanjo ya watoto ilikuwa haijafika. Na hayo uliyonieleza ndiyo ninayoyaona humu kila wiki. Mtu akilishwa sumu hakai miezi mitano akiota tumbo. Kwa hiyo ndugu zako waliobaki wapimwe. Na mke wa marehemu apimwe, na watoto wake."

Eliamini anasema mke wake hakuuliza swali lingine lolote siku hiyo, hata kuhusu upasuaji. Njiani kote alitazama dirishani.

Mke wa marehemu aliitwa Nalepo. Alikuwa Mwarusha wa upande wa pili wa mlima, kwa wafugaji, na Frederick, yule mdogo wake Aikaeli, alimwoa akamleta juu kule kwenye kahawa na migomba, kwenye kiwanja cha mzee Sumari. Alijifunza Kimeru haraka, akaimba kwaya, lakini wapo waliokuwa wakimhesabu mgeni hata baada ya watoto wawili. Frederick alipoanza kuugua mwaka 2015, Nalepo alimpikia supu ya mbuzi iliyochemshwa na magome ya mti, kama walivyowapikia wagonjwa kwao. Alimpikia kila wiki. Frederick aliendelea kudhoofika. Wakampeleka hospitali siku za mwisho, akafa kabla majibu ya vipimo hayajatoka, na kaka mkubwa, Elisaria, ambaye baada ya baba kufa ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo, akasema majibu hayana kazi tena, tukazike.

Siku nne baada ya mazishi kulikuwa na kikao cha ukoo uani kwa Elisaria. Hapo ndipo neno sumu liliposemwa kwa sauti. Watu wakaanza kukumbuka mambo: kwamba Nalepo hakulia vya kutosha, kwamba magome yale yaliletwa na mjomba wake kwenye mfuko mweusi. Nalepo alisimama mbele yao na kitenge cha msiba kiunoni, akasema ile ilikuwa dawa tu, hata kwao watoto wanakunywa. Elisaria akamgeukia dada yake.

"Aikaeli, wewe ulikuja kumuuguza. Ulimwona akimpa hiyo supu?"

"Nilimwona," Aikaeli alisema.

Ilikuwa kweli. Alichoacha kusema ni kwamba hata yeye aliinywa. Siku mbili mfululizo, jikoni kwa Nalepo, baridi ya mwezi wa saba ikiwa kali, alikunywa kikombe kizima cha supu ileile kutoka sufuria ileile, akaisifu, akaomba aongezewe. Hakuumwa hata tumbo. Nalepo alimtazama pale uani akingoja amalizie. Aikaeli akaangalia chini.

Wiki hiyohiyo Nalepo aliondoka na watoto wake wawili, Lilian wa miaka sita na Lengai wa miaka mitatu. Habari zilizofika baadaye zilisema amepanga chumba mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, anauza nafaka sokoni. Hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kwenda kumtazama.

Hayo Aikaeli hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka tisa. Alimwambia Eliamini siku moja kabla ya upasuaji, mchana, wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani ya hospitali, yeye akiwa tayari amevaa gauni la wodini na bangili ya plastiki yenye jina lake.

Eliamini alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Nilimwogopa Elisaria."

"Ni hilo tu?"

Aikaeli alifikiri. Mtu anayekwenda kulazwa chini ya taa za madaktari hana sababu ya kujipamba. "Hapana. Nilikuwa na hasira. Nilimlea Frederick mgongoni, Baba Esther. Nilitaka kile kifo kiwe na mwenyewe. Nalepo alikuwa karibu."

Eliamini hakumlaumu wala hakumfariji. Alisema, "Kesho watakutoa hicho kitu. Ukitoka, utajua la kufanya."

"Na nisipotoka?"

"Usipotoka nitakwenda mimi."

Mpasuaji aliitwa Daktari Philemoni. Wiki hiyo madaktari bingwa wawili kutoka Dar es Salaam walikuwa wamekuja kufanya kazi pamoja naye, kwani upasuaji wa ini kwa matundu madogo hapo hospitalini ulikuwa bado mgeni. Yeye mwenyewe aliuanza kwa nyongo na kidole tumbo, akafanya hivyo miaka sita kabla hajathubutu kugusa ini. Hayo alimweleza Aikaeli bila kuficha. Alichukua karatasi, akachora ini kama mtu achoraye ramani ya shamba, akaweka nukta kushoto.

"Kivimbe chako kiko hapa ukingoni. Kama kivimbe kingekuwa na pa kuchagua, ningekishukuru kwa kuchagua hapa. Zamani tungekufungua hivi." Akapitisha kidole juu ya koti lake, chini ya mbavu, toka upande hadi upande. "Ungelala wiki mbili, na jembe ungelisahau miezi mingi. Sasa tutatoboa matundu matano, kila moja kama upana wa kidole. Tunajaza tumbo hewa ili tupate nafasi. Kwenye tundu moja inaingia kamera, tunatazama kwenye televisheni. Kwenye mengine vinaingia vyombo vyembamba. Kipande chenye kivimbe tunakikata, tunakitia kwenye mfuko humohumo ndani, kisha tunakitoa kwa mkato mfupi hapa chini ya kitovu."

"Ini si ni damu tupu?" aliuliza Aikaeli, ambaye alikuwa amechinja kuku na mbuzi wengi.

"Ni damu tupu. Ndiyo maana kifaa tunachokatia kinafunga mishipa papo hapo, na ndiyo maana nakwambia ukweli: damu ikikataa kusimama, au nikiona kitu ambacho picha haikuonyesha, nitakufungua kwa njia ya zamani. Utaamka na mkato mrefu. Nataka uweke sahihi ukijua hilo."

"Hicho kipande mnachokata, nitaishi bila hicho?"

"Kitakachobaki kinatosha. Na ini lina hulka moja ambayo viungo vingine havina. Likipunguzwa, linakua tena."

Aliweka sahihi. Asubuhi ya Jumatano wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Anachokumbuka ni baridi ya chumba kile, televisheni mbili zilizoning'inizwa juu kama kwenye mgahawa, na muuguzi aliyemuuliza jina lake na jina la kiungo kinachofanyiwa kazi, ingawa yote yaliandikwa kwenye bangili. "Aikaeli. Ini," alijibu. Kisha dawa ya usingizi ikamchukua.

Walimwambia Eliamini itachukua saa tatu. Zilipita nne. Alizunguka lile jengo mara nyingi mpaka mlinzi akampa kiti. Saa ya tano ilipokaribia kwisha Daktari Philemoni alitoka, kofia ya kijani bado kichwani, na alama za barakoa mashavuni.

"Kulikuwa na mshipa mmoja uliotusumbua," alisema. "Tulisimama, tukaubana, tukangoja. Dakika ishirini hivi nilikuwa nimeshaomba visu vya kufungulia viwekwe mezani. Halafu damu ikasimama. Hatukufungua. Kipande chote kimetoka."

Eliamini akampa mkono.

Aikaeli aliamka na maumivu ya bega la kulia. Alidhani wamemwangusha. Muuguzi wa zamu, Magreth, alimweleza kuwa ni ile hewa waliyomjaza, mabaki yake yanasukuma chini ya mbavu na maumivu yanajitokeza begani, yatakwisha akitembea. Alikuwa amejiandaa kuona bandeji kutoka kifuani hadi nyongani. Siku ya pili walipombadilishia plasta alijitazama: plasta tano ndogo kama za mtoto aliyejikwaa, na moja ndefu kiasi chini ya kitovu. Magreth akamshika mkono, wakatembea hadi mwisho wa wodi na kurudi. Kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala mwanamume ambaye umri wake haukumpita sana Frederick wa wakati ule. Tumbo lake lilikuwa limeinua shuka. Macho yake yalikuwa ya njano. Mama yake alikaa pembeni akimlisha uji kwa kijiko. Aikaeli aliposimama kusalimia, mama yule alimwambia kwa sauti ndogo, "Wametuwangia mtoto."

Aikaeli alikaa chini, kwenye ukingo wa kitanda kisichokuwa na mtu. Akasema, "Mama, na mimi ninao ugonjwa huohuo. Wamenitoa kivimbe juzi. Muulize daktari kuhusu watoto wako wengine, wapimwe." Jioni mama yule aliomba kuonana na daktari. Yule mwanamume alifariki siku tatu baadaye, saa ambayo Aikaeli alikuwa anakunja nguo zake arudi nyumbani. Ilikuwa siku ya tano.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: kingo za kipande kilichokatwa zilikuwa safi, hazina saratani. Vidonge ataendelea navyo, na sasa atapimwa kila miezi mitatu, kwa sababu ini lililowahi kuota kivimbe linaweza kuota kingine. Kijijini watu walikuja kumpa pole, na alipowaonyesha makovu yake wengine walitazamana. Jirani mmoja alisema wazi kwamba mtu aliyetolewa saratani hawezi kuwa amesimama anachambua maharage. Aikaeli hakubishana naye.

Mwezi wa pili mwaka 2025 alikwenda Kwa Mrombo. Alikataa kusindikizwa.

Alimkuta Nalepo nyuma ya meza ya mbao, mbele yake magunia ya maharage, choroko na ulezi yakiwa yamekunjwa midomo. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi mbele. Alikuwa anampimia mteja kwa kopo. Alimwona Aikaeli, akamaliza kupima, akachukua pesa, akaziweka, ndipo akasema:

"Mama Esther."

Zamani waliitana wifi.

"Habari za siku nyingi, wifi," alisema Aikaeli.

"Za siku nyingi ni nyingi. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kusema."

Nalepo hakumpa kiti. Aikaeli akasimama palepale, kati ya magunia, akasema yote. Alisema kuhusu damu aliyojitolea, kivimbe, maneno ya daktari. Alisema kuhusu supu. "Niliinywa mara mbili na wewe ulijua niliinywa. Uliningoja niseme. Sikusema. Nimekuja kukuomba msamaha, na si kwa sababu nilikuwa naumwa. Hata ningekuwa mzima nilikuwa na deni hili."

Nalepo alichukua ungo akaanza kupepeta choroko ambazo zilikuwa tayari safi.

"Lilian aliniuliza akiwa darasa la nne," alisema. "Alisikia shuleni, kuna mtoto wa huko kwenu. Akaniuliza, mama, ulimuua baba? Nilimjibu hapana. Akaniamini. Lakini mtoto hapaswi kuuliza hivyo."

"Hapaswi."

"Watoto wangu wana huo ugonjwa?"

"Sijui. Daktari anasema yawezekana chanjo za utoto ziliwakinga. Wewe ndiye aliyesisitiza upimwe. Nitakwenda nanyi, ukikubali."

"Tutakwenda wenyewe. Niandikie jina la daktari."

Aikaeli aliandika kwenye kipande cha boksi. Alipogeuka kuondoka Nalepo alimsemesha mgongoni, sauti yake ikiwa ileile.

"Mlinitukana uani, mbele za watu. Msije mkanisafisha jikoni."

Wiki mbili baadaye Nalepo alipiga simu mwenyewe. Watoto walikuwa salama. Yeye mwenyewe, damu yake ilionyesha kwamba virusi vile viliwahi kumwingia na mwili wake ukavishinda, vikaacha alama tu. Daktari Evaresta alimweleza kwamba hilo peke yake si ushahidi kamili, lakini watu wazima wengi huvipata kutoka kwa mwenza wao. Nalepo alisoma maneno ya kwenye karatasi polepole kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe hata mimi ulinipitia. Nilimuuguza, nikamwosha, nikafua damu yake, na ulinipitia." Hapo ndipo Aikaeli alipomsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kikao kilifanyika Jumapili moja baada ya ibada, kwa Elisaria, uani palepale. Haikuwa rahisi kukiitisha. Elisaria alikuwa na miaka sitini na minne, mzee wa kanisa, na hakupenda mambo yaliyozikwa yafukuliwe. Aikaeli alimwendea mara tatu. Mara ya tatu alimwambia, "Kaka, usipowaita wewe, nitasema kanisani wakati wa matangazo." Akawaita.

Nalepo alikuja na Lilian, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu. Hawakukaa kwenye viti walivyowekewa. Aikaeli alisimama, akasema mbele ya watu ishirini na zaidi kile ambacho hakukisema miaka tisa iliyopita. Alisema jina la ugonjwa, akaeleza unavyotoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na akasema bila kulaumu kwamba mama yao hakujua. Kisha akasema kuhusu supu, vikombe viwili, na jinsi alivyoisifu. Shangazi mmoja mzee alifunika uso kwa kanga. Mwingine alinyanyuka akaondoka ananung'unika kwamba madaktari nao ni watu, wanakosea.

"Nalepo hakumuua Frederick," Aikaeli alimalizia. "Mimi nilijua, nikanyamaza."

Wote wakamtazama Elisaria. Alikuwa ametazama mikono yake. Mwisho alimwambia Nalepo, "Umesikia," na kwa mtu kama yeye labda hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini Nalepo alimjibu, "Nimesikia kwa dada yako. Kwako bado," akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Hawakugusa chakula.

Jioni ile Aikaeli alibaki kuosha vyombo. Elisaria alikuja kusimama mlangoni.

"Umeniambia mara ngapi nipimwe?"

"Nyingi."

"Nikipima, nikakutwa nao, itakuwa nilimfukuza mama wa watu bure. Nisipopima, naweza kusema sijui."

"Unajua, kaka," alisema Aikaeli, bila kuacha kusugua sufuria.

Mambo hayakunyooka yote baada ya hapo. Nalepo hakurudi kule juu, na anasema hatarudi. Ana meza yake, ana majirani wake. Lakini likizo ya mwezi wa sita alimruhusu Lengai aje Kikwe wiki mbili, na Eliamini akatembea naye mferejini akimwonyesha mahali maji yanapogawanyika. Siku alipokuja kumchukua mwanawe, Nalepo alikaa, akanywa chai, akamwita Aikaeli "mama Esther" mara mbili na "wifi" mara moja, pengine kwa kupitiwa.

Aikaeli analima tena. Kila miezi mitatu anapanda bodaboda na kadi yake. Mwezi wa tisa alipofika kliniki, korido ilikuwa imejaa, na kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa maabara, alimwona mwanamume aliyevaa suti ya Jumapili katikati ya wiki. Alikuwa peke yake. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umekunjwa, na alikuwa amebana pamba kwenye mkunjo wa kiwiko.

"Shikamoo, kaka," alisema Aikaeli.

"Marahaba." Elisaria alisogea kidogo ili apate pa kukaa. "Wamesema majibu ni baada ya saa moja."

Aikaeli akaketi kando yake, wakangoja.